Mafundi na wachuuzi nasi tunahitaji mbalamwezi

Sindano ya cherehani ikiingia kidoleni haiumi papo hapo. Kwanza unasikia mlio wa mashine umebadilika, kama imekanyaga kifungo, kisha unaona uzi umezama kando ya kucha na kutokea upande wa pili. Maumivu huja nyuma. Ilikuwa Januari mwaka huu, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, saa saba na nusu usiku, kibandani kwangu Igoma, Mwanza. Nilikuwa natia marinda kwenye sketi ya bluu ya mtoto wa darasa la tatu, na nilikuwa nimeshalala. Macho wazi, mguu uko kwenye pedali, mikono inasukuma kitambaa, na mimi nimelala.

Binti anayenisaidia ndiye aliyezungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ikapanda. Akanifunga kidole kwa kipande cha kitambaa kilekile cha sare, nikaendelea. Asubuhi mama wa mtoto akaja, akalipa, akashukuru, akaondoka na mzigo wake. Sikumweleza kitu. Ningemweleza nini? Usiku ule taa za mafundi wote wa upande wetu zilikuwa zinawaka.

Nashona Igoma mwaka wa ishirini na sita sasa. Anayeijua barabara ya Musoma anaijua Igoma: malori yanapanda na kushuka, hiace zinagombea abiria, bodaboda wako kila kona, wauza nyanya na ndizi wamepanga bidhaa chini mpaka mguu unakosa pa kukanyaga, na mawe makubwa yamekaa juu ya vilima nyuma ya nyumba zetu. Saa kumi na moja alfajiri mama wa vitumbua ameshawasha jiko. Saa nne usiku mchoma mishikaki ndiyo kwanza anachochea mkaa. Tumejivunia uchangamfu huo muda mrefu. Mimi mwenyewe nimejivunia, maana nimesomesha watoto watatu kwa cherehani ile, na mwenye haki ya kujivunia jasho lake ni aliyelitoa.

Lakini kidole kilipoanza kupona nilikaa nikahesabu saa zangu za kazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilikuwa nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa tatu usiku. Hizo ni saa 14. Kwa siku sita ni saa 84. Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nafungua tena kuanzia saa saba mchana hadi saa moja jioni, saa 6 nyingine. Jumla ni saa 90 kwa wiki, na hapo sijagusa Desemba na Januari, msimu wa sare, ambao mafundi hatuna asubuhi wala jioni.

Wiki tatu baadaye kichwa kikaanza kuniuma upande wa kisogo. Nikaenda zahanati. Nesi akanipima presha, akanyamaza, akanipima tena mkono wa pili. 180 kwa 110. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, hakuanza na dawa. Aliniuliza, "Mama, mara ya mwisho umepumzika siku nzima ilikuwa lini?"

Nilitafuta jibu kwa muda. Nikamwambia ni Agosti, nilipokwenda kumzika shangazi. Akaandika, akanipa vidonge na maelekezo ya chumvi na mafuta. Nilipokuwa njiani kurudi ndipo jibu langu liliponirudia na kuniumiza. Nilikuwa nimeuita msiba mapumziko. Na nilipofikiri zaidi nikaona kwamba si mimi peke yangu. Kwa watu wa kazi kama zetu mlango hufungwa kwa sababu mbili tu: mtu amefariki, au mwenye kibanda ameanguka. Tunafunga tukiwa tumeshashindwa. Hatufungi tukiwa wazima.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu yao ya pamoja. Mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya yule anayefanya saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 peke yake yalikadiria vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo vilivyotokana na saa nyingi za kazi. Mimi nilikuwa kwenye 90. Na kiharusi hatukukijulia kwenye ripoti. Kila mtaa hapa una mzee au mama anayeburuta mguu mmoja huku mkono umekunjamana kifuani. Tukiulizwa tunasema ni presha, kana kwamba presha hujishukia yenyewe kutoka mbinguni, na hakuna anayeuliza mtu yule alikuwa analala saa ngapi.

Najua atakachonijibu msomaji wa Igoma, kwa sababu nilimjibu hivyo hivyo yule daktari. Nikipumzika, kodi ya pango atalipa nani? Mama wa mboga ananunua alfajiri na kuuza jioni, na mtaji wake ukikaa siku mbili umeoza. Kijana wa bodaboda ya mkataba anadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Marejesho ya kikundi hayaulizi kama ulichoka. Anayewaambia watu hawa "pumzikeni" na kuishia hapo hajawasaidia; amewaongezea lawama juu ya mzigo. Mimi nami ningeishia hapo, kama nisingekwenda Kome.

Kaka yangu ana boti moja ya dagaa katika kambi ya kisiwa cha Kome. Aliposikia habari ya presha akanipigia, mwanzoni mwa Machi. "Dada, njoo ukae huku wiki moja. Sasa hivi ni mbalamwezi, tupo tu." Nikabishana naye, kisha binti zangu wa kibandani wakanifungashia begi.

Kwenda huko siku hizi unapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa 19 Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi. Zamani mlikuwa mnashuka Kigongo kusubiri kivuko, na mkikuta kimeondoka, au foleni ya malori ni ndefu, saa mbili zinakatikia pale. Watu walikula sato wa kukaanga, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakapata habari zote za Sengerema na Geita kabla hawajafika. Wagonjwa nao walisubiri palepale, na akina mama wenye uchungu, ndiyo maana daraja lile naliombea kila nikilipita, na sitaki foleni ile irudi hata siku moja. Sasa ni dakika chache tu, unaona maji kulia na kushoto, mmefika. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Nikamuuliza dereva wa hiace zile saa mbili walizookoa wanazifanyia nini. Akanijibu macho yakiwa barabarani, "Tumeongeza tripu, mama."

Jibu lile sijalisahau. Alikuwa na macho mekundu kama yangu ya Januari. Muda ulioletwa na daraja haukumfikia yeye wala konda wake. Ulipita moja kwa moja ukaenda kwenye hesabu ya mwenye gari. Nikaikumbuka mota niliyofunga kwenye cherehani yangu miaka saba iliyopita, nikiamini itanirudishia usiku wangu. Mota ilifanya kazi yake vizuri sana. Sare nilizokuwa nashona kwa siku tatu nikawa nashona kwa siku moja na nusu, na siku moja na nusu iliyobaki nikaijaza sare nyingine. Kazi ni kama maji, inajaa kila ilipopata nafasi. Asiyeweka ukingo mapema hatauweka tena, maana maji yakishaingia mikono yote inahitajika kuyachota.

Tulifika Sengerema, tukashuka hadi Nyakaliro, na pale kivuko bado kipo, kwa hiyo Kome tulivuka kwa mwendo wa zamani.

Kambini nilifika jua linazama. Mchangani hapakuwa na dagaa hata mmoja. Boti zimevutwa nchi kavu, zimelalia ubavu. Taa za sola, ambazo siku hizi ndizo zimechukua nafasi ya karabai, zimetundikwa kwenye ukuta wa mabati. Wavu umeanikwa juu ya miti miwili, na kijana mmoja kakaa chini yake anaziba matundu kwa sindano ya mti, taratibu, jicho moja baada ya jingine. Mwingine alikuwa ameingia chini ya boti anaziba nyufa kwa pamba. Wa tatu alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya mwembe, mdomo wazi, nzi wanatua usoni, na wenzake wanamruka kila wakipita bila kumwamsha. Wa nne hakuwepo, alikwenda Ukerewe kumwona mama yake. Nilimwangalia sana yule aliyelala. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye nguvu, amelala kabla ya usiku, mbele za watu, na hakuna aliyemwita mvivu.

Kwa wasioujua uvuvi huu, dagaa hufuata mwanga. Usiku wa giza taa ya mvuvi ndiyo mwanga pekee juu ya maji, dagaa wanaikusanyikia, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, dagaa wanatawanyika, na ukiingia unachoma petroli bure. Kwa hiyo kila mwezi, siku kama saba hadi kumi, wavuvi wa dagaa hawaingii. Maisha yao yote yanahesabiwa kwa namna hiyo. Deni litalipwa giza hili likiisha. Harusi itafungwa mbalamwezi. Mtoto wa fulani alizaliwa giza lile la upepo mkali. Nilimuuliza kaka watakaa hivyo mpaka lini, akanyoosha mkono kuelekea mashariki, mwezi ulikokuwa unachomoza. "Ukianza kuchelewa kutoka tunapata giza la jioni. Hapo tunaingia."

Siku ya pili na ya tatu sikufanya kitu. Siku ya nne nililala mchana. Sikumbuki mara ya mwisho nililala mchana nikiwa mzima. Niliamka nikasikia ndege, sauti ya maji ikigonga mawe, na watoto wawili wanabishana kuhusu ndoo. Nilikaa nikawasikiliza mpaka walipopatana.

Wavuvi wale hawana fedha kunishinda, na madeni yao ni makubwa kuliko yangu. Tofauti yetu ni kwamba siku zao za kupumzika zinajulikana kabla, na zinajulikana na wote. Tajiri wa boti anajua, mwenye duka anayewakopesha mchele anajua, wanunuzi wa Mwaloni Kirumba wanajua kwamba wiki hii mzigo utakuwa haba. Hakuna anayemwona mwenzake anaingia ziwani akashikwa na hofu kwamba yeye amebaki nyuma. Mimi nikifunga Jumapili peke yangu, mteja anavuka barabara na kitambaa chake anakwenda kwa fundi mwenzangu. Kwa hiyo nilikuwa sifungi. Naye alikuwa hafungi kwa sababu mimi sijafunga. Tumekaa miaka ishirini na sita tunachungana, na kila mmoja wetu akiulizwa anasema angependa kupumzika.

Sitaki kuisifia kambi kupita kiasi. Kuna vijana wanaozinywa fedha zote za giza ndani ya mbalamwezi moja, wakarudi ziwani na vichwa vinauma na mifuko mitupu. Lakini lililonikera zaidi ni wanawake. Ndio wanaoanika dagaa mchangani na kuwageuza juani tangu asubuhi. Mbalamwezi iliwapunguzia kuanika tu. Maji waliteka, kuni walikata, na walipika mara tatu kwa siku kwa ajili ya wanaume waliokaa. Nilimuuliza wifi yangu yeye hupumzika lini. Akanijibu, "Nikijifungua." Ana watoto watano. Usiku ule nilikaa macho muda mrefu, maana na kwetu Igoma ni hivyo hivyo: Jumapili ya mwanamke ni siku ya kufua. Mume anaposema "leo tunapumzika", mara nyingi maana yake ni kwamba leo kuna watu wengi zaidi wa kupikiwa. Mapumziko yanayobebwa na mgongo wa mwingine mimi siyahesabu.

Niliporudi nilimtazama upya jirani yangu fundi viatu, ambaye tunatenganishwa na ukuta wa mbao. Yeye ni Msabato. Ijumaa ikifika saa kumi na moja jioni anakusanya viatu kwenye gunia, anafagia vipande vya ngozi na soli, anafunga. Jumamosi nzima hayupo, na Jumamosi ndiyo siku soko letu linapofurika. Nilikuwa nikimhurumia kwa fedha anazopoteza. Safari hii nilimuuliza kama amewahi kupoteza wateja. Akaniambia miaka ya mwanzo walilalamika, kisha wakazoea, na sasa wenye viatu vya kwenda kanisani Jumapili humletea Jumatano, naye huvimaliza Alhamisi. Watu wamepanga miguu yao kwa kufuata siku yake. Muuza nyama Mwislamu aliye upande wa pili naye Ijumaa mchana anaacha kisu, anakwenda msikitini, na wateja wanamsubiri mpaka arudi. Sote tulikuwa tukiliona jambo hili kila wiki, tukadhani ni la dini zao tu.

Hata sisi Wasukuma, ambao kila mtu anatujua kwa jembe, hatukuwa watu wa kulima mwaka mzima. Mama yangu alizaliwa Kisesa, mwendo mfupi tu kutoka Igoma ukiifuata barabara ya Musoma, jirani na Bujora. Alinisimulia kwamba mavuno yakishaingia ghalani, kilichofuata kilikuwa ngoma. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, kila kundi na manju wake, kila kundi linataka kuvuta watazamaji wengi kuliko jingine, na mashindano yale yaliendelea siku kwa siku. Katika miaka ya 1950 Padri David Clement aliunganisha msimu huo na sikukuu ya Ekaristi pale Bujora, ndiyo Bulabo inayochezwa mpaka leo kila Juni. Nimekuwa nikipita Kisesa Juni baada ya Juni kupeleka nguo za wateja, nasikia ngoma, nageuza. Ngoma nayo inachosha, najua. Mama alisema walikuwa wakirudi miguu imevimba. Lakini ni uchovu mwingine. Mtu hachoki namna moja, na hapumziki kwa kulala peke yake.

Nchi hii imetulea kwa wimbo wa kazi. Tulianza na Uhuru na Kazi, juzi tukawa na Hapa Kazi Tu, mpaka meli kubwa mpya ya ziwa letu ikabandikwa jina hilo. Silaumu. Nchi maskini haijengwi na watu waliokaa. Ila nchi hiyohiyo ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na sheria hiyo inasema mfanyakazi asipangiwe zaidi ya saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku. Akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe dakika 60 za kupumzika. Kati ya siku moja na nyingine apate saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24. Kwa mwaka, likizo ya siku 28 yenye malipo.

Mwanangu wa pili, aliyesomea mambo ya utumishi, ndiye aliyenisomea vifungu hivyo. Nikamwambia hiyo ni sheria ya maofisini, sisi wa vibandani haituhusu. Akaniuliza, "Mama, wale dada wawili wanaokushonea, nani anawalipa?" Nikakosa la kusema. Binti aliyenitoa sindano kidoleni saa saba na nusu usiku alikuwa ameingia kazini saa moja asubuhi. Mwenzake alikuwa amelala sakafuni juu ya vipande vya vitambaa, akisubiri zamu ya overloki. Nilikuwa nimejihesabu siku zote kuwa mtu wa kuonewa huruma, na kumbe nilikuwa bosi, na bosi mbaya. Hilo nimewaomba msamaha wote wawili, mmoja mmoja, na nalirudia hapa hadharani.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Igoma kuliko watu wengine. Hapa kwetu kuna makaburi ya abiria wa MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, na asubuhi ile ilikuwa imebeba watu wengi kupita hapo. Mamia walikufa. Silinganishi sketi za shule na roho za watu, Mungu anisamehe kama itasikika hivyo. Ninachosema ni kwamba majirani wa makaburi yale tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwa nini chombo huwekewa mwisho wa mzigo. Mwisho huo hupangwa meli ikiwa tupu, na mtu asiye na haraka, kabla tiketi haijakatwa. Abiria wakishaanza kusukumana gatini, kila mmoja na sababu yake ya kweli ya kusafiri, hakuna tena wa kuupanga. Mafundi tunapokea sare hivyo hivyo. Kila mzazi ana sababu, kila mtoto lazima aende shule, na sisi tunasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka usiku wa mwisho.

Kwa hiyo baada ya Pasaka niliwaita mafundi wa upande wetu, tukakaa kwenye mabenchi ya mama ntilie tukanywa chai. Tulikuwa kumi na mmoja. Niliwaeleza habari ya mbalamwezi. Mmoja alisema wazi kwamba hawezi, ana mgonjwa nyumbani na kila shilingi ina kazi, na hakuna aliyembishia. Wawili ni Waislamu, wakachagua Ijumaa. Wanane tuliobaki tumekubaliana kufunga Jumapili, wote, na anayemwona mwenzake amefungua amuulize ana shida gani, pengine ni shida ya kusaidiana. Tumekubaliana pia kwamba sare za Januari tutazipokea mwisho 10 Desemba. Tumeyaandika kwenye kipande cha boksi, tukaning'iniza mlangoni kwa kila mmoja. Wiki tatu za mwanzo mapato yangu yalishuka. Sasa yamerudi karibu na yalipokuwa, kwa sababu wateja wa Jumapili wamekuwa wateja wa Jumamosi na Jumatatu. Presha yangu ya mwisho ilikuwa 145 kwa 90. Vidonge bado nameza.

Nawaomba wenye pikipiki za mkataba. Mikataba mingi ninayoijua humwachia kijana Jumapili bila hesabu, naye siku hiyo huendesha kutwa ili apate chake. Mwongezeeni kidogo siku zile sita, mumwambie Jumapili alale, maana anayekutana na lori la barabara ya Musoma akiwa na usingizi machoni haharibu pikipiki yenu tu. Nawaomba viongozi wa vikundi vya kukopeshana mpange mwaka wenu uwe na wiki zisizo na marejesho, zijulikane tangu Januari. Naliomba Jiji la Mwanza litupandie miti na kutuwekea mabenchi sokoni, kwa sababu kwetu mtu aliyechoka hukaa juu ya gunia la mwenzake au ndoo iliyopinduliwa, na akikaa dakika tano anaambiwa anaziba njia. Na waume zetu, siku ya kufunga mkishaipata, ndoo ya kufulia iko palepale inapokaa siku zote.

Wateja wangu wa Igoma, Kishiri na Kisesa, kibanda kinafungwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Mkija Jumapili mtakuta kufuli, na mimi nitakuwa nyumbani nimelala. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwepo. Sare za mwakani leteni mapema.